Jinsi ya kujenga kazi ya ramani Dar es Salaam: anza na mtaa mmoja

Mwongozo huu ni wa kijana anayeipenda jiografia na anayetaka imlishe hapa Dar es Salaam. Huenda umemaliza kidato cha sita na unasubiri chuo, huenda una shahada na unazunguka na bahasha. Vijana wengi wakinitafuta huanza na swali la kozi na vyeti. Nawajibu kwamba cheti ni kizuri na kitafute, lakini kinachofanya mtu aitwe kazini mara ya pili ni data anayoweza kuisimamia. Mhandisi akikuuliza, "Una uhakika mtaro huu unaishia hapa?", uweze kumwambia nani alikuonyesha, lini, na ulifika mwenyewe au hukufika.

Uwezo huo hauji kwa kuchora ramani ya Afrika nzima ukiwa umekaa mezani. Unakuja kwa kuchukua mtaa mmoja, kuuchora, kuutembea, kuuhakiki, kisha kuwarudishia wenyewe ramani wakaitumia. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinafuata mtaa mmoja tangu siku ya kwanza hadi siku unapoomba kazi.

Una bahati ya kuwa Dar. Mwaka 2011 wanafunzi na wakazi wa Tandale waliichora kata yao kwa kutumia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaieneza kazi hiyo kwenye kata nyingi za jiji, hasa zile zinazokumbwa na mafuriko, ukiwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika hapa hapa jijini, kwenye Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Baadhi ya walioshika vishikwambi kwenye matope ya Tandale na Kigogo wakiwa wanafunzi wanasimamia timu za ramani leo. Njia yao iko wazi kwako.

Hatua ya 1: Jua mlango unaotaka kuingia

Watu husema "kazi ya ramani" kana kwamba ni moja. Kuna mpima ardhi, anayeweka mipaka ya viwanja. Kuna mrasimu ramani, anayezichora na kuzitunza. Kuna mtu wa GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia, anayeunganisha mahali na takwimu ili kujibu maswali. Kuna anayesoma picha za setilaiti, na kuna mkusanya data wa uwandani, ambaye wengi humdharau ingawa bila yeye wengine wote hawana cha kufanyia kazi.

Mlango wa upimaji wa viwanja una kufuli la sheria. Upimaji wa kuombea hati unafanywa na mpima mwenye leseni au wa serikali kwa mujibu wa Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na ramani yake huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ukiwa na simu na programu nzuri usimpimie mtu kiwanja ukamwambia mambo yamekwisha. Utamwingiza kwenye mgogoro na jirani yake, na jina lako litaharibika kabla halijajengeka.

Kwa masomo, Chuo Kikuu Ardhi pale Survey ndicho kinachojulikana zaidi kwa jiomatiki, yaani elimu ya upimaji na ramani, na GIS. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko jirani yake, na idara yake ya jiografia imetoa watu wengi wa fani hii. Vyuo vya Ardhi Morogoro na Tabora vinatoa astashahada na stashahada, na nawasihi vijana wasivipuuze: mtu wa stashahada anayejua kushika kifaa na kuchora vizuri hupata kazi haraka kuliko wanavyodhani wengi. Waliosoma takwimu, mipango miji, mazingira au kompyuta nao huingia kwenye mlango wa GIS bila shida. Huko hakuna leseni, watu wanaangalia kazi yako.

Hatua ya 2: Vifaa, bila kujifilisi

Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuanzia, hata ikiwa iliyotumika, mradi umeijaribu dukani kabla ya kulipa. Weka QGIS, programu ya GIS ambayo ni bure na inatumika kwenye ofisi nyingi. Kwenye simu weka KoboCollect, programu ya KoboToolbox ya kukusanyia majibu, na programu moja ya ramani inayofanya kazi bila intaneti. Nunua pawabenki. Pakua picha na ramani ukiwa kwenye intaneti ya chuo au maktaba, kwa sababu bando la kawaida litaisha kabla hujamaliza kata moja.

Simu janja kwenye uwazi hukupa mahali kwa kosa la kama mita 5. Kwenye vichochoro vyenye mabati pande zote kosa huongezeka. Kumbuka hilo utakapofika uwandani.

Hatua ya 3: Chagua mtaa na upite kwa wenyewe

Chagua mtaa unaoufikia kwa nauli ndogo, ikiwezekana unaoishi. Mtaa mzuri wa kujifunzia una tatizo ambalo ramani inaweza kusaidia: mtaro unaofurika, vizimba vya maji vichache, njia ambazo gari la wagonjwa haliingii.

Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda asubuhi na barua ya utambulisho kutoka chuoni au kwenye taasisi unayojitolea. Kama huna taasisi, andika barua yako mwenyewe ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, utafanya nini, siku zipi, na mtaa utabaki na nini. Mwombe mwenyekiti na mtendaji wakukutanishe na wajumbe wa mashina. Mjumbe ndiye ajuaye kwamba kichochoro fulani kilizibwa kwa ukuta mwezi uliopita, na kwamba ile inayoonekana njia kwenye picha ya setilaiti ni ua wa mtu.

Uelewe pia kwa nini watu wanaogopa ramani. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X nyekundu na nyingine zikabomolewa. Mwaka 2017 ikaja zamu ya waliojenga kwenye hifadhi ya barabara ya Morogoro, upande wa Kimara. Mama aliyeyaona hayo akikuona na kishikwambi mbele ya mlango wake, ana haki ya kukuuliza maswali magumu. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo picha ni za kubomoa?"

"Hapana mama. Naandika mitaro na mahali maji yanaposimama. Mwenyekiti anajua, na huyu ni mjumbe wetu."

"Na wakija kubomoa, hiyo ramani yako itatusaidia?"

"Sina mamlaka ya kubomoa, mama, wala sina mamlaka ya kuzuia. Ramani itabaki ofisini kwa mtaa, mtaweza kuitumia kuonyesha maji yanapita wapi."

Jibu hilo linatosha. Usiongeze ahadi. Kijana anayesema "mama, mradi utawajengea mtaro" anawaharibia wote watakaokuja nyuma yake. Tembeeni wawili wawili, msichana na mvulana inapowezekana, maana mchana nyumba nyingi zina kina mama peke yao na wengi huongea kwa uhuru zaidi na binti.

Hatua ya 4: Chora mezani kwanza

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, tazama nini kimeshachorwa, kisha ongeza kinachokosekana kwa kufuatisha picha za setilaiti. Mitaa mingi ya Dar ina majengo tayari, lakini mengi yalichorwa miaka iliyopita. Mengine yamebomolewa, na ghorofa zimeota palipokuwa na migomba.

Picha za setilaiti hazikai zote mahali pamoja. Ukibadilisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine utaona barabara imesogea mita kadhaa. Kabla ya kuchora, linganisha picha na njia za GPS zilizorekodiwa na watu waliotembea barabara hiyo, kisha sogeza picha ikae juu ya njia hizo. Nyumba ichore kwa msingi wake. Paa la ghorofa huonekana limelala upande mmoja kwa sababu setilaiti iliitazama kwa pembeni. Uswahilini mapaa yanagusana, na bati moja linaweza kuwa limefunika nyumba mbili za watu wawili. Usibahatishe. Weka alama ukaulize uwandani.

Usinakili majina wala mistari kutoka ramani za kibiashara zilizopo kwenye simu yako. Hazina ruhusa hiyo, na data ya namna hiyo hufutwa. Upande wa pili, data ya OpenStreetMap unaruhusiwa kuitumia hata kibiashara, mradi utaje chanzo kwenye ramani yako.

Neno moja kuhusu picha za bure. Sentinel-2 ya Ulaya hutoa picha ambazo nukta moja ni mita 10 kwa 10, na kumbukumbu za setilaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972. Ni hazina ukitaka kuona jinsi jiji lilivyotambaa kuelekea Chanika na Bunju, au hali ya mikoko ya Kunduchi. Lakini nyumba nzima ya Manzese huingia ndani ya nukta moja ya Sentinel, kwa hiyo usijaribu kuhesabia nyumba kwa picha hizo. Masika nayo hujaza mawingu, hivyo tafuta picha za Juni hadi Septemba.

Hatua ya 5: Uwandani, ambako kazi inaamuliwa

Tengeneza fomu fupi. Kila swali lazima liwe na mtu atakayelitumia jibu lake. Kama humjui, lifute. Kwa mtaro nauliza upana, kina, umejengwa kwa nini, umeziba au unapitisha, na maji yanatoka wapi kwenda wapi. Kwa kalavati naongeza picha ya pande zote mbili, kwa sababu ukiyatazama kwa juu makalavati yote hufanana, ila chini moja limejaa mchanga hadi juu na lingine liko wazi.

Maswali yaandike kwa Kiswahili cha mtaani, si kwa lugha ya ripoti. Ukimwuliza mtu "kiwango cha mafuriko kilikuwa kipi?" atakwambia "kikubwa sana." Mwulize: "Maji yalikufika wapi mwilini? Kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua?" Hapo atasimama, atashika paja lake, na wewe utapima kwa futi kutoka chini hadi mkono wake ulipo. Mwombe pia akuonyeshe alama ukutani. Nyumba nyingi zilizofurika hubaki na mstari wa tope kwenye plasta, na mstari huo ni shahidi bora kuliko kumbukumbu ya mtu. Uliza ni mvua ya mwaka gani, na umsaidie kukumbuka kwa matukio: ile ya Desemba 2011 iliyoua watu jijini, au ya juzi?

Majina yanahitaji subira. Mahali huku kwetu huitwa kwa mtu, kwa duka au kwa kitu kilichokuwepo zamani: kwa Mtogole, Tip Top, Mapipa, Rangi Tatu. Andika jina wanalotumia wakazi na makondakta wa daladala. Kama kuna jina jingine rasmi, liweke kama la pili. Dereva wa gari la wagonjwa ataelekezwa kwa jina la kwanza, si kwa lile la kwenye kibao. Vibao vya namba za nyumba vilivyowekwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 vinasaidia sana pale vilipobaki, kwa hiyo andika namba ukiiona, lakini usimwache mtu nje ya ramani kwa sababu kibao chake kilidondoka.

Mipaka ya mashina haijaandikwa popote isipokuwa vichwani mwa wajumbe. Tembea na mjumbe kwenye mpaka wote wa shina lake, umpe nafasi ya kukuonyesha: "kutoka kwenye huu mwembe, unafuata mtaro, mpaka kwa fundi cherehani." Siku nyingine tembea na mjumbe jirani yake. Wasipokubaliana, usiamue wewe. Andika mistari yote miwili, wapeleke wote kwa mwenyekiti, na mstari utakaokubaliwa ndio uingie. Hatua hii inachosha na wengi huiruka. Ukiifanya, utakuwa na kitu ambacho setilaiti yoyote duniani haiwezi kukipata, na hapo ndipo thamani yako kama mtaalamu inapoanza kuonekana.

Anza saa moja na nusu asubuhi, jua halijapanda na watu wengine bado hawajaenda kazini. Ijumaa mchana waache watu waswali. Piga picha vitu, si watu, na mtoto asionekane usoni. Jioni hiyo hiyo pitia majibu yote ungali unakumbuka sura za mahali. Jibu lenye utata ukiliacha wiki moja, limekufa.

Hatua ya 6: Weka ramani mahali pake duniani

Hapa ndipo wanaojifundisha wenyewe huangukia, kwa hiyo nakaa kidogo.

Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 6.8, na mashariki nyuzi 39.28. Kwenye kompyuta latitudo yetu ina alama ya kutoa: -6.8. Ukiisahau alama hiyo, Kariakoo yako itatua kusini mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi, ukaweka longitudo mahali pa latitudo, itaonekana magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukiona nukta zako huko, usihangaike: umegeuza safu mbili, zirudishe.

Ukitaka kupima urefu na eneo kwa mita, tumia gridi ya UTM, inayogawa dunia kwenye kanda na kupima kwa mita. Yetu ni kanda ya 37 kusini. Katikati ya jiji namba ya mashariki huwa karibu 530,000 na ya kaskazini karibu 9,248,000. Zikariri. Siku utakayopewa jedwali lenye namba hizo bila maelezo, utazitambua papo hapo.

Ugumu ni kwamba Tanzania ina data za vizazi viwili. Ramani nyingi za zamani za serikali, zikiwemo zile za skeli ya 1:50,000, zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabia mahali. GPS na picha za setilaiti zinatumia mfumo mpya, WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, lakini ukiuchukua mfumo mmoja kuwa mwingine, mtaa mzima unahama karibu mita 300. Mtaro unahamia kata ya jirani, shule inaangukia mtoni. Kwenye QGIS namba za mifumo hiyo kwa kanda yetu ni 21037 kwa Arc 1960 na 32737 kwa WGS 84. Ukipokea faili lolote, swali la kwanza kabla hata ya kulifungua ni: liko kwenye mfumo gani? Kisha lithibitishe kwa kitu usichoweza kukikosea, kama daraja la Salenda au uwanja wa Mkapa. Kitu hicho kikikaa pake juu ya picha, endelea.

Hatua ya 7: Hakiki, kisha hakiki tena

Chagua sehemu moja katika kumi ya ulichokusanya, kwa bahati nasibu, urudi uwandani ukaiangalie upya. Ni vizuri zaidi arudi mwenzako asiyejua ulichoandika. Mkitofautiana kwenye vitu vingi, tatizo liko kwenye fomu au kwenye mafunzo, na mnarudia. Andika matokeo ya uhakiki huo. Ukurasa mmoja unaosema "tulirudia vituo hivi, hivi vilikuwa sahihi, hivi tulivirekebisha" unamshawishi mwajiri kuliko rangi zote za ramani. Mezani, tafuta nukta zilizorudiwa, majina yaliyoandikwa kwa namna tatu, na mitaro inayopanda mlima.

Hatua ya 8: Chora ramani itakayobandikwa ukutani

Ramani ya kwanza ichorwe kwa ajili ya ofisi ya mtaa. Itatolewa kopi nyeusi na nyeupe kwenye steshenari, kwa hiyo isitegemee rangi peke yake. Tumia mistari ya unene tofauti na alama zenye maumbo tofauti. Skeli iweke kama mstari wenye mita, kwa sababu mtu akiikuza au kuipunguza kwenye mashine ya kopi, "1:2,500" inakuwa uongo huku mstari ukibaki kweli. Maelezo yote yawe kwa Kiswahili. Weka mwezi na mwaka data ilipokusanywa, na weka vitu ambavyo watu hutumia kujielekeza: msikiti, kanisa, shule, kituo cha daladala, kijiwe cha bodaboda.

Kisha ipeleke. Itandaze mezani kwa mwenyekiti, kaa kimya, uwaangalie wanavyoisoma. Mtu akiweza kuonyesha nyumba yake bila kukuuliza, ramani inasomeka. Watakusahihisha vitu, na wengine wataona raha ya kukusahihisha. Rekebisha palepale kwa kalamu, urudi na nakala safi, uiache. Ramani iliyochukuliwa mtaani ikaishia kwenye kompyuta ya mtu mjini ni deni, na wakazi wanalikumbuka.

Hatua ya 9: Linda watu walio ndani ya data

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la mkuu wa kaya, namba yake ya simu, ugonjwa wake, vyote vikiunganishwa na mahali nyumba ilipo, ni taarifa binafsi. Usiviweke OpenStreetMap. Usivitume kwenye kundi la WhatsApp. Kama huvihitaji, usiviulize kabisa.

Ndege nyuki, yaani droni, nazo zina utaratibu wake. Hazirushwi bila kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza. Vingunguti na Kipawa ziko karibu na uwanja wa ndege, huko usijaribu hata kwa dakika moja.

Hatua ya 10: Geuza mtaa wako kuwa ajira

Tengeneza PDF ya kurasa chache: ramani ya mwisho, fomu uliyotumia, ukurasa wa uhakiki, na aya moja inayosema mtaa uliitumia vipi. Mwombe hata mtendaji akuandikie barua fupi yenye muhuri. Wasifu wako uwe mfupi, faili hili ndilo litakalosema.

Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye tovuti yake. Angalia wapima ardhi na warasimu ramani, lakini soma pia za mipango, takwimu, maji, umeme, barabara na misitu. DAWASA ina mabomba ya kuchora, TANESCO ina nguzo, TARURA ina barabara na mitaro, halmashauri zina kodi ya majengo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutumia watu wengi wa ramani inapotenga maeneo kabla ya sensa. Ile ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728, na kila mmoja wao alihesabiwa ndani ya kipande cha ardhi ambacho mtu alikichora kwanza. Kuna kampuni za upimaji, washauri wa mazingira, wasambazaji wa mizigo, na mashirika yaliyotokana moja kwa moja na Ramani Huria, kama OpenMap Development Tanzania. Vyuoni kuna vikundi vya YouthMappers, vya wanafunzi wanaochora ramani huria, vinavyopokea wapya.

Ajira za kwanza mara nyingi ni za siku chache za kukusanya data. Zichukue, ila weka masharti kwenye karatasi: posho kwa siku, nauli, bando, nani anatoa kifaa na nani analipa kikivunjika. Ukipewa kazi ya kuchora, usikubali bei ya "ramani moja." Taja bei kwa siku za kazi na idadi ya marekebisho, maana mteja asiyejua anachotaka atakurudisha mara nyingi na kila mara utakuwa unafanya bure.

Ukishakuwa na mtaa mmoja mkononi, jifunze SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na PostGIS, hifadhidata ya ramani, kisha Python, lugha ya kuandikia programu. Mtu anayejua uwandani na anayejua pia kuuliza data nyingi kwa mkupuo ni adimu jijini hapa, na malipo yake huonyesha hivyo. Jifunze pia kuandika ripoti safi ya Kiingereza kwa mfadhili bila kupoteza uwezo wa kumweleza mjumbe jambo hilohilo kwa Kiswahili chake.

Kabla ya kusaini mkataba wowote, uliza swali moja ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: data hii itakuwa ya nani, na naruhusiwa kuonyesha nini nikiomba kazi kwingine? Wakisema huruhusiwi kuonyesha chochote, omba ruhusa ya ukurasa mmoja wa ramani uliofutwa majina na namba za nyumba. Ikiombwa mwanzoni na kuandikwa kwenye mkataba, mara nyingi hukubaliwa.